Chango la Mwanaidi

Siku ya kuniaga nyie wasichana wa kliniki mlitaka nihutubie, nikakataa, mkaninunia. Basi hotuba yenyewe ndiyo hii, isomeni taratibu. Vyeo na mishahara sivitaji. Vyeo vilikuja vimechelewa, na mishahara mnaijua wenyewe. Nitasema ya kazi. Na kabla ya yote mjue kwamba mie ni mtu wa kushuku. Mgonjwa akiniambia linauma hapa, nabonyeza na kule. Akija na msindikizaji, namtazama zaidi msindikizaji. Najua mlikuwa mkinicheka kwa hilo, mkidhani sisikii.

Nilifika Dar es Salaam nikitokea Masasi wakati wa Mwingereza, vita ile kubwa imekwisha lakini nguo bado za kugombania. Kliniki niliyopangiwa ilikuwa upande wa Temeke, vyumba viwili na baraza, bati tupu bila dari. Ikifika saa sita mchana mle ndani unaiva. Mkunga mkuu alikuwa Mama Perpetua, Mhaya wa Bukoba, mnene, sauti ya chini, mtu wa kanisani kila Jumapili ambaye sidhani kama alimwamini hata padri wake. Alinitazama kuanzia viatu mpaka kofia, akaniuliza, "Nani kakuleta?" Nikamwambia nimeletwa na serikali. Akasema, "Hiyo naijua. Nauliza nani kakuleta." Mpaka leo sijajua alikuwa anatafuta nini.

Siku hiyo ya kwanza sikugusa mgonjwa. Nilipewa brashi na maji yenye laisoli, dawa ya kuulia vijidudu, nisugue sakafu, kisha nikawasha jiko la primasi nichemshe sindano, na kila nilipoinua kichwa Mama Perpetua alikuwa amesimama nyuma yangu. Sindano tulizitumia tena na tena, si kama hizi zenu. Kusikiliza mtoto tumboni tulitumia kijipembe cha mbao. Unaweka upande mmoja kwenye tumbo la mama, upande wa pili sikio lako. Nyie mmekikuta kabatini mkakifanya cha kuwekea kalamu. Kirudisheni mahali pake, siku betri zikiisha mtanikumbuka.

Kitu kikubwa alichonifundisha Mama Perpetua ni cha chupa. Zamani zile dawa ya maji mgonjwa alikuja na chupa yake kutoka nyumbani. Sasa mwanamke hasemi ukweli mbele ya mama mkwe, wala mbele ya wifi, wala mbele ya jirani aliyejitolea kumsindikiza. Mama Perpetua alikuwa akiichukua ile chupa, anaiinua kwenye mwanga, anaguna. Kisha anamgeukia msindikizaji. "Chupa haijatakata hii, mama. Hebu nenda bombani ukaisuuze." Bomba lilikuwa mbali, na lilikuwa na foleni. Msindikizaji akirudi, sisi tumeshajua kila kitu, na chupa tangu mwanzo ilikuwa safi.

Kulikuwa na Sista wa Kizungu aliyekuwa akija kutukagua na kutufundisha. Siku moja alichora ubaoni tumbo la mwanamke, akasema kila mwezi, katikati baina ya damu na damu, yai hupevuka na kutoka, na wanawake wengine hulisikia likitoka, kwa maumivu ya upande mmoja. Nilimtazama mwanamke yule nikajiambia, ee, leo tumekuwa kuku. Tulipotoka nikamuuliza Mama Perpetua kama ni kweli au ni mambo ya Ulaya. Akaniambia, "Mie nayasikia tangu nikiwa msichana. Nimezaa wanne, na kila mmoja nilipomtaka. Wewe unadhani nilikuwa nakisia?" Hapo ndipo niliposadiki. Sikusadiki kwa ubao, nilisadiki kwa Mama Perpetua, maana yeye hakuwa mtu wa kukubali jambo kwa kuambiwa.

Miaka kadhaa baadaye, nimeshazoea kazi, ndipo alipokuja Mwanaidi.

Aliletwa na mama mkwe wake, Bi Tatu, mwanamke mrefu wa Keko aliyekuwa akiuza vitumbua barabarani asubuhi na aliyejulikana kwa ulimi. Mwanaidi mwenyewe alikuwa mdogo wa umbo, mke wa Seif, fundi seremala, mtoto wa pekee wa huyo Bi Tatu. Walikuwa wameoana miaka, mtoto hakuna. Kila nilipomuuliza Mwanaidi swali, alijibu Bi Tatu.

"Unaumwa nini, bibie?"

"Ana chango la uzazi," akasema Bi Tatu. "Linaamka kila mwezi, linamkaba huku chini. Ndilo linalokula watoto. Nataka nyie mmpe sindano tu, dawa ya chango ninayo."

Asiyetoka pwani kati yenu ajue kwamba chango wanalisema hivyo, kitu kinachokaa tumboni mwa mwanamke, kikiamka kinauma, na kikikaa sana kinamzuia kuzaa. Nilimtazama Bi Tatu nikaona kuna kitu hapa. Mwanamke anayemtakia mkwewe uzazi haji na dawa yake mfukoni na amri ya sindano. Nikaichukua chupa waliyokuja nayo, nikaiinua kwenye mwanga, nikaguna.

Bi Tatu alipokwenda bombani, Mwanaidi alisema haraka haraka, macho mlangoni. Maumivu yanakuja upande mmoja, chini ya kitovu, mwezi huu kulia, mwezi mwingine kushoto. Yanakaa nusu siku, pengine mpaka kesho yake, yanaondoka yenyewe. Hayaji na damu, yanakuja katikati, damu imeshakatika zamani kidogo. Hana homa. Hatokwi na uchafu wenye harufu. Hatapiki.

Sikumwamini, na nyie msingemwamini. Nikampima. Maumivu ya upande mmoja yanaweza kuwa kidole tumbo, yanaweza kuwa usaha kwenye mirija, yanaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya kizazi, na hiyo ya mwisho inaua huku mkiwa mnajadiliana. Yakiwa makali na hayaondoki, yakija na homa, damu au kizunguzungu, hayo si ya yai, mpelekeni hospitali kubwa. Nikamwita Mama Perpetua naye akampima, naye akauliza yale yale kwa kuyapindua ili amkamate uongo. Hakumkamata. Tumbo lilikuwa zima. Mume naye tulimwita siku nyingine, maana mume naye hushukiwa, ingawa hakupenda. Hakuwa na ugonjwa tuliouona.

"Basi hili si chango," nikamwambia Mwanaidi. "Hili ni yai linatoka. Mwili wako unakwambia wakati wake umefika. Si kila mwanamke anaambiwa. Siku chache kabla ya maumivu, na siku yenyewe ya maumivu, ndizo siku zako za kushika mimba. Mbegu ya mwanamume inaweza kukaa ikingoja, lakini yai halingoji. Ukisubiri maumivu yapoe, umechelewa. Siwezi kukuahidi mtoto, maana hata siku hizo mtu anaweza kukosa. Lakini nje ya hizo unapoteza bure."

Akanitazama. Kisha akasema, "Nesi, siku hizo mie sipo kwa mume wangu."

Hapo ndipo nilipoijua dawa ya Bi Tatu. Mganga wake alikuwa amemwambia chango lazima lilakiwe kabla halijaamka. Damu ikikatika tu na Mwanaidi akishaoga, anaanza kunywa mizizi, na dawa hiyo ina mwiko. Haichangamani na mwanamume. Akimgusa mumewe kabla maumivu hayajaja na kupoa kabisa, dawa inageuka sumu, na atakayedhurika kwanza ni mama wa nyumba, yaani Bi Tatu mwenyewe. Basi Bi Tatu alimhamishia chumbani kwake. Walilala pamoja, na asubuhi akienda kuuza vitumbua alimfungia chumbani kwa kufuli kwa nje, mpaka anaporudi. Maumivu yakipoa ndipo anamrudisha kwa mumewe, amekandwa, amefukizwa udi, amepambwa, siku ambazo yai limeshakwenda zake. Siku za damu dini inakataza, siku za yai mganga anakataza. Na Bi Tatu kila mwezi anangoja mjukuu.

Nilikasirika. Niliamini Bi Tatu anajua anachokifanya, kwamba hamtaki binti huyu na ameipata njia safi ya kumtoa. Mama Perpetua akasema hapana, mwanamke anayetaka kukuharibia hakupambi kwa udi. Tukabishana. Kabla hatujamaliza Bi Tatu akarudi na chupa. Nikamwambia mkojo wa Mwanaidi si safi, itabidi awe anakuja kliniki kila wiki kunywa dawa mbele yangu. Ulikuwa uongo. Nilitaka tu nafasi ya kumwona peke yake.

Akawa anakuja. Nikamweleza tena kuhusu siku, nikamwambia aongee na mumewe. "Ataingiaje na kufuli?" akaniuliza. Nikamwambia hilo la mlango silijui, mie najua tumbo. Mwezi uliofuata alikuja uso umetulia, nikamuuliza, akatabasamu tu. Nikashuku, lakini sikujua nashuku nini.

Mimba iliposhika, mambo ndipo yalipoharibika.

Mwezi ule Seif alikuwa amepata kazi ya kutengeneza madirisha huko Kisarawe. Alipanda lori asubuhi ya siku ambayo maumivu ya mkewe yalikuwa ndiyo kwanza yanapoa, na alikaa huko mpaka damu ya mkewe ilipokosa kuja. Alirudi akamkuta anatapika. Bi Tatu hakuwa mjinga. Aliipanga hesabu yake vizuri kuliko karani. Mwanawe na mkewe hawakulala chumba kimoja tangu damu ilipokatika. Kufuli alilifunga mwenyewe, ufunguo ulikuwa na kamba shingoni mwake. Mahali pekee Mwanaidi alipokwenda peke yake ni kliniki. Kwa hiyo mimba hii imetoka kliniki.

Alikuja kuyasema hayo barazani kwetu, foleni ya akina mama imejaa. Alisema mie ni kuwadi. Alisema nawaita wake za watu kila wiki kunywa dawa ya mkojo ambayo haipo, na dhambi hii mie na yule Mhaya tunaigawana. La dawa kutokuwepo lilikuwa kweli, ndilo lililoniuma zaidi. Wiki iliyofuata foleni ilipungua. Wanaume wa Keko walianza kuwakataza wake zao, na wajawazito niliokuwa nikiwafuata wakarudi kuzalia majumbani. Sista akaniita kuniuliza kulikoni. Nikajibu nilivyoweza.

Mwanaidi alikuja siku moja akiwa amevimba macho. Nikamfungia mlango. "Niambie mie. Mimba ya nani?"

"Ya mume wangu."

"Aliingiaje?"

"Nimeapa sisemi. Atasema mwenyewe."

Nawaambia ukweli, nilimshuku. Mwanamke aliyefungiwa kwa kufuli ana mimba, mume hasemi kitu, na yeye ameapa. Nyie mngefikiri nini? Nikaenda mpaka Keko, karakanani kwa Seif. Alikuwa anapiga randa mguu wa kitanda, mbao zimemzunguka mpaka magotini.

"Shikamoo, nesi." Nilikuwa sijamzidi umri sana, lakini alikuwa kijana wa adabu.

"Marahaba. Seif, mimba ni yako au si yako?"

Akasimamisha randa. Uso ulimjaa damu. "Nesi, niache kidogo. Kuna mama katika hili."

"Na mkeo je?"

"Mganga kasema atakayevunja mwiko anamuua mama yake," akasema kwa sauti ndogo. Kisha akaendelea na randa, hakuniangalia tena. Nikatoka pale bado sijajua kama ni mume aliyevunja mwiko au mume anayetafuta njia ya kumwacha mkewe kwa heshima. Vyote viwili vilifanana na maneno yake.

Kikao kiliwekwa Ijumaa baada ya swala, uani kwa Bi Tatu. Mjomba wa Mwanaidi alikuja kutoka Mbagala, na wazee wawili wa mtaa. Ilikuwa wazi kwa kila mtu kinachotakiwa: Seif aikane mimba, atoe talaka, na mjomba aondoke na binti yake kabla ya magharibi. Mwanaidi hangepata mume mwingine wa maana hapo mjini, na mtoto angezaliwa hana baba. Niliitwa kama mshitakiwa wa pili. Mama Perpetua alinikataza kwenda, na nilipovaa viatu akasema basi nivae na sare, nisiende kama mtu mwenye cha kuficha.

Bi Tatu alisema yake, yote, kwa mpango. Mjomba akauliza, "Nesi, mimba inaweza kushika siku hizo za kufuli?"

"Siku hizo ndizo inaposhika," nikasema. "Siku nyingine zote mlizompa mumewe ndizo zilizokuwa ngumu."

"Kwa hiyo mwanamume alikuwepo siku hizo."

"Alikuwepo."

Nilijua nimemfunga Mwanaidi mie mwenyewe. Wazee wakatazamana. Mwanaidi alikuwa amekaa mkekani, kanga mpaka kwenye macho, hainui uso. Bi Tatu akashika kamba ya shingoni, akautoa ufunguo, akawaonyesha wazee. "Huu haujatoka hapa usiku wala mchana. Na kufuli ni zima, twendeni mkalione." Tukaenda kulitazama, watu wazima tunainama mlangoni. Kufuli lilikuwa zima, halina hata mkwaruzo.

Mzee mmoja akamgeukia Seif. "Baba, sema neno lako."

Seif alikaa kimya. Alikaa kimya mpaka mjomba akaanza kukusanya viatu vyake. Nawaambia nilimchukia kijana yule kwa kimya kile, nikasema moyoni, kumbe ndivyo. Mwanaidi hakulia. Alivuta tu kanga yake vizuri, kama mtu anayejiandaa kutoka.

Ndipo Seif akasimama. Hakumtazama mama yake, alitazama mlango. Pwani mtu hasemi mambo ya kitandani mbele ya mama yake, afadhali afe. Nadhani alikuwa anatafuta maneno ambayo mtoto anaweza kuyatamka mbele ya mzazi.

"Kufuli ni zima, mama," akasema. "Hakuna aliyeligusa. Lakini tumbuu linaloshika kufuli limefungwa kwa skrubu, niliifunga mie mwenyewe nilipokutengenezea huu mlango. Na ulipokuwa kwenye vitumbua, bisibisi ilikuwa mkononi mwangu."

Hakuna aliyecheka, ingawa nafikiri mzee mmoja alitaka. Seif akaongeza, "Mwiko nimeuvunja mie. Kila siku naamka nakuja kuchungulia kama bado unapumua."

Mwanaidi akafunua uso. Alimtazama mumewe, na hasira aliyokuwa nayo sijaiona tena kwa mwanamke mpole. "Ungesema siku ile ile," akamwambia. "Nimeitwa malaya na mtaa mzima, wewe unapiga randa." Akainuka, akauchukua ufunguo mkononi mwa Bi Tatu bila kumwomba, akafungua kufuli, akaingia chumbani, akajifungia kwa komeo la ndani. Tukamsikia analia. Ndiyo mara ya kwanza nimsikie akilia tangu mambo yaanze.

Mjomba akaviweka tena viatu chini, akakaa. Wazee wakasema alhamdulillahi, wakaanza kutafuta njia ya kuaga. Bi Tatu alikuwa bado amesimama, mkono umebaki wazi pale ufunguo ulipokuwa. Akanigeukia.

"Nesi. Yale maumivu. Kila yalipokaribia nilimtoa kwa mwanangu."

"Ndiyo, mama."

"Miaka yote hii."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo aliyekuwa ananinyima mjukuu ni mie."

Nilikuwa nimekwenda pale na hasira ya kutosha kumwambia hivyo mara kumi. Nikamtazama kama kawaida yangu, nikitafuta ujanja usoni mwake, nikakosa. Alikuwa ni mwanamke tu aliyetaka mtoto ndani ya nyumba yake.

"Ndiyo, Bi Tatu. Ni wewe."

Alikwenda mpaka kwenye mlango ule, akaketi chini mbele yake, mgongo ukutani, akaanza kumwita Mwanaidi kwa sauti ndogo, mwanangu, mwanangu, nifungulie. Nilipoondoka alikuwa bado hajafunguliwa.